Mzigo wa Nyumbani Kwanza: Jinsi Aliyun Ilivyokua

Mheshimiwa Mwenyekiti, wahadhiri wenzangu, wahandisi mlioacha kazi zenu kuja kujumuika nasi, wanafunzi wetu, mabibi na mabwana, nawasalimu nyote.

Nimeombwa nizungumzie kukua kwa kampuni ya Kichina inayokodisha nguvu za kompyuta kupitia mtandao, yaani Alibaba Cloud, ambayo nyumbani kwake hufahamika zaidi kwa jina la Aliyun. Nimekubali kwa furaha, kwa sababu habari za kampuni hii husimuliwa nusunusu. Wapo wanaosema ilikua kwa kuwa soko la China ni kubwa na wageni hawakuachiwa nafasi ya kushindana kwa uhuru. Wapo wanaosema ilikua kwa kuwa mwenye mali alikuwa na fedha za kumwaga. Yote mawili yana ukweli, lakini hayatoshi, kwani ndani ya soko hilohilo zilikuwapo kampuni nyingine tajiri ambazo ziliingia katika biashara hii zikiwa zimechelewa kwa miaka kadhaa. Ninachotaka kuwaonyesha leo ni kwamba Aliyun ilikuzwa na mzigo wa nyumbani kwake. Ilijengwa ili ibebe kazi ambayo mwenye nyumba alikuwa anashindwa kuibeba kwa vyombo vya kununua, na ikalazimishwa kuibeba kabla haijawa tayari. Hata udhaifu wake mkubwa unatokana na palepale.

Turudi mwaka 2008. Alibaba, iliyoanzishwa mjini Hangzhou mwaka 1999, ilikuwa tayari na soko la mtandaoni la Taobao na huduma ya malipo ya Alipay, na wanunuzi walikuwa wakiongezeka kwa kasi ambayo mafundi hawakuitarajia. Mifumo yake mikuu ilisimama juu ya vitu vitatu vya kununua kutoka Marekani: kompyuta kubwa za IBM, hifadhidata ya Oracle na makabati ya kuhifadhia data ya EMC. Vyombo hivyo vilikuwa bora, na mabenki mengi duniani, yakiwamo ya kwetu, yamevitegemea kwa miaka. Tatizo lilikuwa kwenye hesabu. Mashine ya aina hiyo ikijaa, haitoshi kuongeza nyingine ndogo pembeni yake. Inabidi ununue kubwa zaidi, na leseni ya programu hutozwa kwa kadiri ya vichakata vilivyomo ndani. Kwa benki ambayo wateja wake huongezeka polepole, gharama hiyo hubebeka. Kwa duka ambalo wateja wake huongezeka maradufu kila baada ya muda mfupi, kila ongezeko la mauzo lilikuja na ankara ya kuogofya, na wahandisi waliona wazi kwamba ingefika siku ambapo hata fedha zikiwapo, mashine kubwa zaidi ya kununua isingekuwapo.

Hapo ndipo alipoajiriwa Wang Jian, aliyekuwa akifanya kazi katika maabara ya utafiti ya Microsoft mjini Beijing. Usomi wake ulikuwa wa saikolojia, na jambo hilo liliwapa wapinzani wake ndani ya kampuni sababu ya kumbeza. Rai yake ilikuwa hii: badala ya mashine chache za bei kubwa ambazo haziruhusiwi kuharibika, zitumike maelfu ya seva za kawaida, ambazo kila siku baadhi yake zitaharibika, na programu ndiyo ipewe jukumu la kuhakikisha kwamba mtumiaji haoni tofauti yoyote. Haki itendeke hapa: wazo lenyewe halikuzaliwa Hangzhou. Google ilikuwa imelifanyia kazi kwa miaka, na Amazon ilikuwa imeanza kuwakodishia watu wa nje hifadhi na seva tangu mwaka 2006. Kilichokuwa kigeni ni uamuzi wa kuiandika programu hiyo yote upya, kwa mikono yao wenyewe, badala ya kuchukua iliyokuwapo. Kazi ilianza Beijing mapema mwaka 2009, mfumo ukaitwa Feitian, na Septemba 10 ya mwaka huohuo, siku Alibaba ilipotimiza miaka 10, kampuni ya Aliyun ikaanzishwa rasmi.

Naomba wanafunzi mnivumilie niingie kidogo ndani ya Feitian, kwa sababu hapa ndipo palipo na elimu. Sehemu zake zilipewa majina ya watu wa hekaya za Kichina. Pangu, ambaye hekaya humsimulia kuwa aliitenga mbingu na ardhi, ndiye mtunza data. Fuxi ndiye mgawa kazi. Data inapoingia, Pangu huikata vipande, na kila kipande hukiandika mara tatu katika seva tatu tofauti, ambazo hazikai katika kabati moja. Seva moja ikifa usiku wa manane, mfumo hugundua kwamba vipande kadhaa sasa vimebakiwa na nakala mbili tu, nao huviandikia nakala ya tatu mahali pengine bila kumwamsha mtu. Fundi akija asubuhi hubadilisha kifaa kilichokufa, na mteja hajui kama kuna lililotokea. Fuxi naye hutazama ni seva zipi zina nafasi, huzigawia kazi, na seva ikizembea huipa nyingine kazi ileile ili hesabu isichelewe. Ukieleza hivi inaonekana rahisi. Ugumu uko katika mambo ambayo hayatokei kwenye seva 10 na hutokea kila saa kwenye seva 5,000: saa za mashine kupishana, ujumbe kufika mara mbili, kifaa ambacho hakijafa wala hakijapona, bali kinajibu polepole na kuwasubirisha wenzake wote.

Mwaka 2010, katika mkutano wa viongozi wa kampuni za teknolojia uliofanyika Shenzhen, Robin Li wa Baidu, kampuni ya kutafutia habari mtandaoni, aliliona jambo hili la wingu, yaani kukodisha nguvu za kompyuta kupitia mtandao, kuwa ni la zamani lililovikwa jina jipya, na Pony Ma wa Tencent, kampuni ya michezo na mawasiliano ya mtandaoni, akaliona kuwa la mbali mno. Jack Ma, mwasisi wa Alibaba, peke yake alishikilia kwamba Alibaba isipolifanya itakufa. Mimi huwa siwacheki wale wawili. Walikuwa mafundi kuliko Jack Ma, na kwa ufundi walioujua walikuwa na hoja. Tofauti ni kwamba wao hawakuwa na duka la ukubwa wa Taobao, hivyo hawakuwa wakielemewa na ule mzigo nilioutaja.

Sasa nifike kwenye kipindi ninachokiona kuwa cha thamani kuliko vyote, nacho ni miaka ya kati ya 2010 na 2013, ambayo katika masimulizi mengi hurukwa kwa sentensi moja. Mteja wa kwanza mzito wa Feitian hakutoka nje. Alikuwa ni idara ya Alibaba yenyewe iliyoanzishwa mwaka 2010 kuwakopesha wafanyabiashara wadogo wa mtandaoni. Wafanyabiashara hao hawakuwa na hati za nyumba wala dhamana ya aina yoyote ambayo benki ingeikubali. Walichokuwa nacho ni mwenendo wao: wameuza nini, wamerudishiwa bidhaa mara ngapi, wateja wamewasifu au wamewalalamikia, fedha zinaingia na kutoka kwa mtindo gani. Kumkopesha mtu kwa msingi huo kunahitaji hesabu kubwa kufanyika upya kila mara juu ya kumbukumbu za watu wengi mno, na hesabu hiyo ni lazima iwe imekwisha kabla ya biashara kufunguliwa asubuhi. Waliowahi kufanya kazi ya kufunga hesabu za usiku katika mabenki yetu wanaijua vizuri hofu ya kuitazama saa ya ukutani huku kazi haijafika hata nusu. Feitian ya wakati ule ilikuwa inakwama katikati ya usiku. Wahandisi wa mikopo walilalamika, na walikuwa na haki ya kulalamika, kwa kuwa ndani ya Alibaba hiyohiyo kulikuwa na mfumo mwingine uliojengwa juu ya Hadoop, programu huria iliyokuwa imetulia zaidi.

Kampuni nyingi zingeishia hapo. Mfumo wa nyumbani haujakomaa, wa watu upo na unafanya kazi, basi chukua ulio tayari uendelee na biashara. Wahandisi wengi wa mwanzo waliondoka Aliyun katika miaka hiyo, na ndani ya Alibaba yalitoka maneno makali dhidi ya Wang Jian, mengine hadharani katika majukwaa ya wafanyakazi. Jack Ma alijibu kwa kuahidi kwamba Aliyun itapewa yuan bilioni 1 kila mwaka kwa miaka 10, na mwaka 2012 akampandisha Wang Jian kuwa mkuu wa teknolojia wa kundi zima. Katika mkutano wa mwaka wa Aliyun mwaka huohuo Wang Jian alipanda jukwaani akalia mbele ya wafanyakazi wake. Ninalitaja hilo kwa heshima, kwa sababu tunapowasomesha vijana wetu uhandisi huwa tunawaonyesha michoro ya mfumo uliokwisha kutulia, na hatuwaonyeshi gharama wanayoilipa watu wakati mfumo bado unaanguka kila wiki.

Mwaka 2013 mzigo wenyewe ulilazimisha uamuzi. Mfumo wa Hadoop ulikuwa unakaribia mwisho wa uwezo wake, na data ya Alibaba ilikuwa haingoji. Ikakubaliwa kwamba Feitian ifikishwe kwenye seva 5,000 zinazofanya kazi kama kompyuta moja, na mradi ukaitwa 5K. Mwezi Agosti lengo likafikiwa. Kabla ya kuupokea, walifanya jambo ambalo ningependa kila anayejenga mfumo wa umma alifikirie: waliukatia umeme mtambo mzima kwa makusudi, kwa ghafla, kazi zikiwa zinaendelea, ili waone kama data itasalimika. Ilisalimika. Miezi michache kabla ya hapo, mwezi Mei, kompyuta kubwa ya mwisho ya IBM ilikuwa imezimwa ndani ya Alibaba. Kutoka hapo hadi mwaka 2015 data zote za kundi zilihamishiwa Feitian, kazi ambayo walioifanya waliilinganisha na safari ya kwenda mwezini. Mwaka huohuo wa 2015 mfumo wao ulishinda shindano la dunia la kupanga data, ukipanga terabaiti 100 kwa sekunde 377, ilhali rekodi ya mwaka uliotangulia ilikuwa sekunde 1,406.

Hapo ndipo wateja wa nje walipoanza kuamini, na mmoja wao anastahili kutazamwa kwa karibu. Reli ya China huuza tiketi zake kupitia mtandao uitwao 12306. Kila mwaka kabla ya Mwaka Mpya wa Kichina, mamia ya mamilioni ya watu husafiri kurudi makwao ndani ya wiki chache, na mwanzoni mwa 2012 mtandao huo ulielemewa hadharani, watu wakakesha mbele ya kompyuta bila kupata kitu. Ukilichunguza tatizo utaona kwamba wanaonunua si wengi kama wanaotazama. Mtu mmoja anayetaka kiti kimoja hufungua ukurasa uleule mara mamia, akiangalia kama nafasi imepatikana, na kila anapofungua, mfumo hulazimika kuhesabu upya nafasi zilizobaki katika vituo vyote vya njia hiyo. Kuuza tiketi ni jambo la fedha na halivumilii kosa. Kutazama nafasi ni kusoma tu, na kunaweza kutengwa. Kwa msimu wa 2015, reli iliitenga kazi ya kutazama, ikaipeleka asilimia 75 ya maombi hayo Aliyun, na mauzo yenyewe yakabaki katika seva zake. Msimu ulipokwisha, nguvu iliyokodiwa ikarudishwa. Reli ingenunua seva za kutosha kwa wiki zile za msongamano, zingekaa bila kazi miezi iliyobaki. Mnaokumbuka jinsi tovuti zinavyojaa siku ya kutangazwa matokeo ya kidato cha nne mtaona kwamba tatizo ni lilelile, tena jepesi zaidi, kwa sababu matokeo hayauzwi na hayabadiliki.

Mtihani mwingine, wa kila mwaka, ulikuwa Novemba 11, siku ya mauzo makubwa ya Alibaba. Ilipoanza mwaka 2009 mauzo yalikuwa takriban yuan milioni 50. Mwaka 2019 yalifika yuan bilioni 268.4, na katika dakika za kwanza baada ya saa sita usiku oda zilifikia 544,000 kwa sekunde moja. Mwaka huo mifumo mikuu ya Alibaba ilikuwa imehamia yote kwenye wingu lilelile inalowakodishia wengine. Mteja mdogo aliyekodi seva moja mjini Chengdu alikuwa anatumia mtambo uleule uliopita katika tanuri hilo, na hakuna tangazo la biashara ambalo lingemshawishi kuliko hilo.

Hesabu za fedha zinaionyesha njia hiyo waziwazi. Katika mwaka wa fedha ulioishia Machi 2015 mapato ya Aliyun yalikuwa yuan bilioni 1.27. Miaka miwili baadaye yalikuwa bilioni 6.66, mwaka 2019 bilioni 24.7, na mwaka 2021 bilioni 60.1. Kwa miaka yote hiyo ilikuwa ikila hasara. Robo ya mwisho ya mwaka 2020 ndiyo ya kwanza ambapo, kwa kipimo cha faida kinachotumiwa na Alibaba yenyewe, hesabu ilivuka na kuwa chanya, tena kwa kiasi kidogo mno. Fikirini: miaka 11 ya kulea kitu kabla hakijajilisha. Ninapowasikia wawekezaji wetu wakidai kampuni changa ya teknolojia ilipe ndani ya miaka miwili, tarakimu hizi hunijia.

Vituo vya data navyo vilijengwa kwa akili hiyohiyo ya kubana gharama. Mwaka 2015 kimoja kilifunguliwa kando ya ziwa la Qiandao, katika mkoa wa Zhejiang. Maji huvutwa kutoka chini sana ya uso wa ziwa, ambako ubaridi haubadiliki sana iwe kiangazi au kipupwe, yakapoza seva bila kutegemea mashine za kupozea kwa sehemu kubwa ya mwaka, kisha yakaendelea na safari yake kupitia mfereji wa mji. Vituo vingine viliwekwa kaskazini, kama Zhangbei, ambako hewa ni baridi na upepo wa kuzalishia umeme ni mwingi. Nje ya China kampuni ilikwenda Singapore, Marekani, Dubai, Frankfurt, Tokyo na Sydney, baadaye Malaysia na Indonesia, na mwaka 2022 Riyadh kwa ubia na wenyeji. Si kila mguu ulipotua ulishika. Mwaka 2024 ilifunga vituo vyake vya India na Australia.

Nimeeleza kupanda, sasa nieleze kukwama, kwa sababu msemaji anayesifu tu hamsaidii msikilizaji. Kuanzia mwaka 2021 kasi ilishuka ghafla. Mteja mmoja mkubwa sana aliacha kutumia huduma zake za nje ya China kwa sababu ambazo Alibaba ilisema hazihusiani na ubora wa huduma. Kampuni haikumtaja, lakini vyombo vya habari vya biashara vilimtaja ByteDance, mwenye TikTok. Nyumbani nako serikali iliyabana makampuni makubwa ya mtandao, ambayo ndiyo yaliyokuwa wateja wakuu, na taasisi za umma na mashirika ya dola yakaanza kuelekea kwa Huawei na kwa kampuni za simu za serikali kama China Telecom. Robo ya mwisho ya 2022 mapato yalikua kwa asilimia 3 tu. Katika hesabu za Gartner, kampuni ya utafiti wa masoko ya teknolojia, za mwaka huo Aliyun ilikuwa bado ya tatu duniani katika kukodisha miundombinu, lakini fungu lake lilikuwa limeshuka hadi asilimia 7.7, nyuma sana ya Amazon na Microsoft.

Mwezi Desemba mwaka huohuo likatokea la Hong Kong. Mfumo wa kupozea katika kituo kimoja ulishindwa, joto likapanda, na joto hilo likaviamsha vinyunyizio vya kuzimia moto, maji yakaingia kwenye mitambo. Huduma nyingi za Macau, zikiwamo tovuti za taasisi za fedha, zilizimika, na kampuni yenyewe ilikiri kwamba hiyo ilikuwa hitilafu yake kubwa na ndefu kuliko zote kwa zaidi ya muongo mmoja. Ndani ya wiki mbili mkuu wake akabadilishwa. Mwaka uliofuata, Novemba 12, siku moja tu baada ya mauzo makubwa kwisha salama, hitilafu katika sehemu inayothibitisha funguo za watumiaji ilizikwamisha huduma zake katika kanda zote kwa wakati mmoja, na Taobao na DingTalk, programu ya Alibaba ya mawasiliano ya kazini, zikakwama pamoja nazo. Hapa ndipo ninaposema udhaifu unatoka palepale penye nguvu. Ukiweka kila kitu cha nyumbani na cha wateja juu ya mtambo mmoja, mtambo huo utakuwa imara kuliko yote kwa sababu unatumika kuliko yote. Lakini mlango ukiwa mmoja, ukigoma, umegoma kwa wote. Vipande vya data vilikuwa na nakala tatu tatu, ila kitu kinachoamua nani aingie hakikuwa na uhuru wa namna hiyo.

Kikwazo kikubwa zaidi, hata hivyo, kilikuwa kitu ambacho Aliyun haikukijenga. Oktoba 2022 Marekani ilizuia chipu za hali ya juu za akili mnemba zisiuzwe China, na Oktoba 2023 ikakikaza zaidi kizuizi hicho. Alibaba ilikuwa imekwisha kutangaza kwamba itaitenga Aliyun iwe kampuni inayojitegemea na kuorodhesha hisa zake sokoni. Novemba 16, 2023 ikaufuta mpango huo, ikitaja vizuizi hivyo kuwa sababu, na thamani ya hisa za Alibaba ikaporomoka mara moja. Haikuwa imekaa bure. Kitengo chake cha chipu kilikuwa kimetoa Hanguang 800 mwaka 2019 na kichakata cha Yitian 710 mwaka 2021. Lakini kubuni chipu ni hatua moja, na kupata kiwanda cha kuichonga kwa ufinyu unaotakiwa ni hatua nyingine, na hiyo ya pili haikuwa mikononi mwake. Iliweza kuiondoa IBM, Oracle na EMC kwa sababu walichokuwa wakiuza kingeweza kubadilishwa kwa programu na seva za kawaida. Silikoni haibadilishwi kwa programu.

Pamoja na hayo, tangu mwishoni mwa 2023, chini ya Eddie Wu, mmoja wa waasisi wa Alibaba, mambo yamegeuka tena. Bei zilipunguzwa kwa bidhaa zaidi ya 100 mwezi Februari 2024, kwa baadhi hadi asilimia 55. Na modeli yao ya lugha, yaani akili mnemba inayosoma na kuandika, iitwayo Qwen, iliyotangazwa Aprili 2023, walianza kuitoa bure kwa yeyote anayetaka kuipakua na kuitumia katika mashine yake. Wengine waliona ni kugawa mali. Hesabu yake ni nyingine: anayezoea kujenga juu ya Qwen, siku kazi yake ikikua atahitaji mahali pa kuiendeshea, na mahali palipotayarishwa vizuri kwa ajili hiyo ni Aliyun. Februari 2025 Alibaba ilitangaza kwamba itatumia angalau yuan bilioni 380 kwa miaka mitatu katika wingu na akili mnemba, kiasi kinachozidi ilichotumia katika eneo hilo kwa muongo mzima uliotangulia. Robo iliyoishia Septemba 2025 mapato ya kitengo hiki yalikuwa yamekua kwa asilimia 34 kulinganisha na mwaka uliotangulia.

Je, haya yanatugusaje sisi? Yanatugusa kwa mambo mawili ya wazi. La kwanza, Qwen ya tatu, iliyotolewa Aprili 2025, imefundishwa lugha na lahaja 119, na Kiswahili ni mojawapo. Chuo chochote chenye seva ya kadiri kinaweza kuipakua leo, kikaipima na kueleza kwa maandishi inapokosea katika ngeli zetu, katika methali zetu na katika sheria zetu. Kazi hiyo haihitaji kibali cha mtu, na ningependa kuona wanafunzi wa hapa wakiifanya kwa kushirikiana na wenzao wa idara ya Kiswahili.

La pili ni umbali. Aliyun haina kituo Afrika Mashariki. Kwa mwenye biashara wa Dar es Salaam au Mombasa, wingu liko mbali kama waya wa baharini ulivyo mrefu, na mwezi Mei 2024, nyaya za EASSy na SEACOM zilipokatika kwa pamoja, tulijua urefu huo maana yake nini. Kenya ililiona jambo hili mapema: mwaka 2015 M-Pesa ilihamishwa kutoka seva zilizokuwa Ujerumani ikaletwa nyumbani, juu ya mfumo mpya wa Huawei, kwa kuwa mzigo wa miamala ulikuwa umekua kiasi kwamba haukustahili tena kusafiri hadi Ulaya na kurudi. Mzigo huo wa fedha za simu ndio wetu, hatukuazima kwa mtu, na ni mkubwa hata kwa vipimo vya dunia. Ningeshauri wahandisi mnaofanya kazi katika kampuni za simu na mabenki muanze na swali dogo la kitaalamu kabla ya lile la kisera: katika mifumo yenu, ni sehemu ipi ni ya kusoma tu na inaweza kutengwa kama reli ya China ilivyoitenga, na ni sehemu ipi ina mlango mmoja ambao ukigoma kila kitu kinagoma? Mkiwa na majibu hayo mkononi, mtajua nini cha kukodi kwa Wachina au kwa Wamarekani, na nini cha kukijenga wenyewe hata kama kitakwama usiku kadhaa mwanzoni.

Mheshimiwa Mwenyekiti, nimeona umeniashiria muda. Nimebakiza michoro ya Pangu na Fuxi, nitaiacha kwa msaidizi wa maabara ili wanafunzi waichukue, na sasa niko tayari kupokea maswali. Asanteni sana kwa kunisikiliza.